Hatukugusa Kitu

Simu ya daraja la kwanza haina salamu.
Inalia saa nane usiku, Ghala, kiyoyozi kinakoroma,
nami nimelala na kompyuta ubavuni
kama mzazi wa kichanga.

Kijana wa zamu, Muhannad, ameshazima na kuwasha mara tatu.
"Dada, nimezima, nimewasha, nimezima,"
kwa sauti ya mtu aliyemzaba mgonjwa makofi
akitaraji atapona.
Ndipo jambo likapandishwa kwangu.
Mhandisi mwandamizi, ndivyo kadi isemavyo.
Miaka kumi na saba, na sasa mimi ndiye ngazi ya mwisho:
juu yangu kuna dari, halafu Mungu.

Upande wa pili ni Duqm. Bibi Thureya, mhasibu mkuu.
Mishahara ya watu elfu mbili na mia nne imekwama,
wachomeleaji, wapishi, madereva wa kreni,
na benki haipokei orodha baada ya alfajiri.
"Hatukugusa kitu," ananiambia.

Nalijua neno hili. Nimelisikia kwa Kiarabu, kwa Kihindi,
kwa Kiswahili cha shangazi yangu
aliyekalia rimoti akasema televisheni imekufa.
Hatukugusa kitu:
maana yake upo mkono, tuutafute taratibu.

Nikaanza kusoma kumbukumbu za mitambo,
mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele.
Mtambo wa kwanza umeandika saa nne za usiku,
maana yote tuliifundisha kufuata saa ya Griniwichi.
Wa pili, saa nne.
Wa tatu unasema kumi na mbili, kumekucha.
Kila hati inayotoka kwake ina mhuri wa baadaye
na mlinzi wa mlangoni anairudisha:
hii bado haijazaliwa.

Mimi nimelelewa na saa mbili.
Shuleni Al Khuwair kengele ikilia saa nane asubuhi,
jikoni kwetu, dakika ileile, mama anasema saa mbili,
na chapati haijali.
Nilijua mapema kwamba saa ni mapatano tu,
na kwamba watu wawili wanaweza kusema kweli
chakula kikaungua.

"Nani yuko chumba cha mitambo?"
Kimya.
Feni zinavuma. Mtu anameza mate.
"Mimi, madam. Prakashan.
Niliona saa imebaki nyuma, saa nne nzima.
Nikatazama ya mkononi, nikairekebisha."

Nikairekebisha.
Hakuvunja kitu, maskini. Aliona kosa
akalihurumia, kama mtu anyooshaye picha ukutani
nyumba ya wenyewe.
Na jina lake limo humo humo kwenye orodha,
mstari wa elfu moja na kitu, likingoja pesa.

"Usiogope. Soma nami. Andika ninachosema, usibonyeze mpaka niseme."
Tukairudisha saa nyuma, yeye na mimi,
yeye kwa kidole, mimi kwa mdomo.
Tukangoja.
Sijui niieleze vipi ile dakika.
Nilikuwa nimeshika kikombe kitupu.
Kisha namba zikaanza kutembea, moja, kumi na nne, mia mbili,
na Muhannad akapiga kofi la kweli, mezani.

Kabla ya kuaga, Bibi Thureya akataka jina.
"Ripoti lazima iseme ni nani."
Nikaangalia ukurasa: Chanzo, tofauti ya saa kati ya mitambo.
Mhusika, na nafasi nyeupe.
Nikamwambia, "Hamkugusa kitu, Bibi.
Umesema mwenyewe. Simu zetu zinarekodiwa."
Akanyamaza.
Nadhani alicheka, lakini laini ya Duqm ina mchanga.

Asubuhi, saa tatu kwa mama, saa tisa kwa ofisi,
tathmini ya mteja ikaingia.
Nyota tatu kati ya tano.
Maoni: tatizo limekwisha,
ila mhandisi anauliza maswali mengi.